Barafu Iliyopakiwa Pamoja na Kanzu za Idd

Mpaka leo nikikutana na Mama Zuhura kwenye ngazi za soko la nguo la Shahe nageukia ukuta na kujifanya nasoma matangazo ya Kichina, na Kichina chenyewe sikijui kusoma hata neno la kuonyesha choo, kwa hiyo yeye anajua ninajificha, na mimi najua kwamba anajua, na tunapitana hivyo hivyo kila mtu na njia yake. Wengi wenu mmeshaisikia habari hii kwenye kundi la simu, na kila anayeisimulia anaongeza lake (kuna mmoja aliniapia eti ndani ya kontena alikutwa samaki mzima anapumua; hapana jamani, alikuwa kamba mmoja mdogo wa baharini, na alikuwa amekufa siku nyingi), basi bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa, nikiaibika niaibike kwa kilichotokea kweli.

Mimi ni Ezra, mtu wa Makambako. Shule niliiacha kidato cha pili, na wala sikufukuzwa, ila siku moja nikienda darasani nilisimama kumwangalia fundi anafumua injini ya lori la Zambia pale stendi, nikasema niangalie kidogo tu, na ile injini ilichukua wiki mbili kurudi mahali pake. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama na kuangalia. Nimesimama Tunduma, nimesimama Lubumbashi, nimesimama Kariakoo, na mwisho nikasimama Guangzhou, kusini mwa China, ambako dada yangu Faraja ananunua nguo na kuzipeleka nyumbani, na alinichukua baada ya ndugu wote kunikatia tamaa, akasema, "Njoo angalau unifungie mizigo." Mume wake yuko Makambako dukani, anapokea na kuuza. Huku tulikuwa wanne: dada, mimi, na wanawe wawili, Imani wa miaka tisa na Upendo wa miaka sita, ghorofa ya nane, juu kabisa, kwenye jumba la zamani ambalo lifti yake ni miguu yako mwenyewe.

Sasa, mwaka ule Idd na Pasaka zilikuwa zinafuatana karibu sana, na kontena lililokuwa linapakiwa Januari lilikuwa ndilo la mwisho kabla Wachina hawajafunga viwanda na maghala kwa sikukuu yao ya mwaka mpya. Likikosekana hilo, nguo za sikukuu zinafika sikukuu imepita. Na mwaka uliotangulia ndivyo ilivyotokea: akina mama tisa walimwamini wakala mmoja, mzigo ukatua Dar siku kumi baada ya Idd. Safari hii dada Faraja ndiye aliyewaendea mmoja mmoja, Waislamu wa Dar na Wakristo wa bara, akawaambia tuweke mizigo yetu pamoja, mimi nitasimamia mwenyewe mpaka milango ifungwe. Wakakubali, kwa sababu ya neno lake tu. Kwa hiyo dada usingizi ulikuwa umemwisha. Alikuwa anakula amesimama.

Na watoto walikuwa wamefunga shule. Mama yao hana nafasi, nje baridi, wanashinda ndani wanahesabu mistari ya vigae. Imani alikuwa na rafiki yake darasani aliyepelekwa na wazazi kaskazini, akarudi na picha ameteleza juu ya mto ulioganda, na Imani akaniuliza, "Anko, maji yakiganda yanakuwa magumu kiasi gani? Unaweza kusimama?" Hapo ndipo aliponipata. Mtu akiniuliza swali namna hiyo silali.

Guangzhou haigandi, hilo mjue. Ina baridi ya kuingia kwenye mifupa, ina upepo wa kaskazini unaokausha midomo, lakini barafu hakuna. Barafu iko soko la samaki. Kule wanauza mapande marefu, mazito, pande moja kama kizingiti cha mlango, na mtu wa toroli la magurudumu matatu anakuletea mpaka chini ya jengo. Nikakusanya maboksi meupe ya kuwekea samaki, nikayapasua na kuyatandaza juu ya paa letu la bapa, nikapanga mapande juu yake moja baada ya jingine, nikajaza nyufa kwa barafu ya kusaga, halafu nikapiga pasi. Ndiyo, pasi ya nguo, ya moto, juu ya barafu, mpaka ikawa laini kama kioo. Kiwanja chote kilikuwa na mapana ya milango minne iliyolazwa. Usiku nilikifunika kwa mablanketi na vipande vya pamba vinavyotupwa na mafundi cherehani, na asubuhi nabadilisha mapande yaliyokonda.

Viatu vya kutelezea hatukuwa navyo, nikawafunga watoto selotepu ya njano chini ya raba zao, ile ile tunayofungia mizigo, na nawaambia inateleza kuliko dhambi. Upendo alikaa ndani ya beseni, mimi navuta kamba. Imani siku ya kwanza alianguka mara kumi na nane (alihesabu mwenyewe), siku ya tatu alikuwa anateleza toka mwanzo mpaka mwisho kwa mguu mmoja, mikono kaitandaza, kimya, uso umeng'aa. Siku sita. Watoto wa jirani walikuja, hata dada alipanda jioni moja, akakanyaga kidogo kwa unyayo, akasema, "Ezra, wewe hukukosea kuzaliwa, ulikosea tu mahali," akacheka, na nilikuwa sijamwona anacheka tangu Krismasi. Nikamwahidi Imani kiwanja kitakuwepo mpaka shule ifunguliwe.

Siku ya saba utabiri wa simu ukasema kesho jua. Nikaogopa. Nikaagiza mapande manane ya akiba, yakashushwa chini kwenye korido ya kuingilia, na kwa kuwa kupandisha pande moja ghorofa nane ni kazi ya kumtoa mtu roho, nikasema niyafunge kwanza yasiyeyuke, nitayapandisha moja moja nikipumzika. Na mimi kitu ninachojua kufunga ni kimoja. Nikayazungushia pamba, nikaweka vipande vya yale maboksi meupe pande zote, mawili mawili, nikaingiza kwenye viroba vya bluu, nikapiga selotepu ya njano mkono mzima, kona kwa kona, nikakaza kwa kamba. Marobota manne. Nilirudi nyuma nikayaangalia nikaridhika, maana yalikuwa mazuri.

Yalikuwa mazuri kiasi kwamba hayakuwa na tofauti yoyote na marobota kumi na moja ya dada yaliyokuwa yameshushwa asubuhi, yamepangwa ukuta ule ule, yanasubiri gari la godauni.

Nilikuwa bado na nafasi ya kuokoka. Lakini mlinzi wa jengo, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, ana sheria yake moja maishani: robota lisilo na maki halikai kwenye korido yake. (Maki ni ile alama unayoandika juu ya mzigo ujulikane ni wa nani, sisi wafunga mizigo bila maki hatuoni kitu.) Akanipigia filimbi, akagonga robota la barafu kwa kiatu, akatoa makapeni, ile kalamu nene ya wino, mfukoni mwake mwenyewe, akanipa. Na mkono wangu, ambao kwa miaka miwili umeandika kitu kimoja tu, ukaandika: FAR MKB. Mara nne. Ya Faraja wa Makambako.

Nikapanda juu niwaangalie watoto. Niliwaza nitakaa dakika tano tu. Lakini juu ya paa, upande wa pili, mwenye nyumba wetu, mama mmoja mtu mzima tunayemwita Ayi kama wanavyowaita huku mashangazi, alikuwa anatengeneza soseji zake za msimu. Upepo ule wa kaskazini ndio wanaoungoja mwaka mzima. Wanaanika nyama ya nguruwe na bata juu ya mapaa mpaka vinakuwa vigumu na vyekundu kama mbao za mninga. Alikuwa anaingiza nyama kwenye utumbo kwa faneli, anatoboa kwa sindano hewa itoke, anafunga kwa uzi kila baada ya vidole vinne, na macho yake hayakuwa hata yanaangalia vidole. Nikasimama. Nikauliza kwa mikono. Akanipa sindano nitoboe. Nilikaa pale karibu saa nzima, na nilikuwa na furaha kabisa.

Niliposhuka korido ilikuwa nyeupe. Hakuna hata kipande cha kamba. Mlinzi akaniinulia dole gumba na kunionyesha vidole: kumi, halafu vitano. Kumi na tano. Alikuwa amewasaidia watu wa gari kupakia.

Nilisimama nikaanza kupiga hesabu ambayo sikutaka jibu lake: mapande manane, kila moja linakuwa ndoo na nusu ya maji, maji ya samaki, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa zaidi ya mwezi mzima baharini, juu ya nguo za Idd na Pasaka za akina mama tisa. Zikifika zitakuwa na ukungu mpaka kwenye vifungo. Na kila robota litakaloonekana ndilo chanzo limeandikwa jina la dada yangu.

Nikatoa simu. Jina lake likawa pale kwenye kioo, Dada F. Alikuwa Shahe anachukua vitu vya mwisho. Kidole kikawa juu ya jina. Na nikaona nitakavyosema, na nikaona atakavyonyamaza (dada akikasirika hapigi kelele, ananyamaza, na ule unyamavu unaingia mpaka kwenye chai), nikarudisha simu mfukoni. Nikasema nitawahi mwenyewe, nitayatoa kimya kimya, hatajua mtu.

Nikarukia pikipiki ya umeme. Njia nzima taa ni nyekundu. Kila lori la bluu nililoliona nilidhani ndilo, nikawa nachungulia chini yake kama linavuja, dereva wangu akadhani namtafuta mtu anayenidai akaongeza mwendo kwa kunionea huruma, akapotea njia mara mbili, tukafika baada ya saa nzima.

Kwenye godauni kontena lilikuwa juu ya trela, milango wazi, vijana wa kupakia wanaingia na kutoka. Mwenye godauni ni Mzee Khamis, mtu wa Unguja, mpole, anayepanga mizigo kama anayepanga vyombo vya harusi. Kando yake, juu ya stuli ya plastiki, amekaa Mama Zuhura wa Tandika, mmoja wa wale tisa, na koti la manyoya, amekodolea macho kontena kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Yeye mzigo wake ulikuwa kanzu za watoto wa kiume, na wateja wake walikuwa wameshalala mlango wazi mwaka jana wakimsubiri bure.

"Shikamoo Mzee. Yale marobota ya dada yameshaingia?"

"Marhaba, mwanangu. Yameshaingia! Yako kule mbele, juu ya ya Bi Zuhura. Mepesi chini, mazito juu, kwa kuwa yamechelewa. Manne yale mazito mno, mumetia nini, jinzi?"

Juu ya ya Mama Zuhura.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, na ilikuwa rahisi, maneno matatu tu. Lakini Mama Zuhura aligeuza shingo akaniangalia, na mdomo wangu ukafunguka peke yake ukasema, "Mzee, nimesahau pasipoti yangu ndani."

Nilidhani watasema haya, ingia ukatafute. Sikujua nimesema neno gani. Mtu wa kigeni huku bila pasipoti ni kama mtu bila ngozi. Mzee Khamis alishika kichwa.

"Lahaula! Ndani ya robota? Imetiwa vipi?"

"Nilikuwa nafunga, ikadondoka."

"Simamisheni!" Akapiga makofi, vijana wakasimama. "Simamisheni kila kitu! Tutaitafuta, mwanangu, usilie."

Silii, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye kundi la simu, kwa sauti yake ya huruma: ndugu yetu Ezra mdogo wake Faraja pasipoti imeingia kwenye mzigo, aliye karibu aje asaidie. Na watu wetu huku, Mungu awabariki, walikuja. Ndani ya muda mfupi walikuwa kumi na watano. Wamama wawili waliacha mizigo yao sokoni. Alikuja Mkongo mmoja ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu, akavua koti. Dada mmoja wa Moshi alinishika mkono akaanza kuniombea nikiwa nimesimama, na mimi namsindikiza na amina, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Wakaanza kushusha. Mlolongo wa watu, mkono kwa mkono, na mbele ya macho yangu marobota ya dada yanachanwa kwa visu, marobota niliyoyafunga mwenyewe, magauni ya Pasaka ya watoto yanamwagika sakafuni. Moja, mawili, matatu.

"Si hilo," nikasema. "Na hilo siyo."

"Kaka," akasema Mama Zuhura kutoka kwenye stuli, taratibu, "unayajuaje kabla hayajafunguliwa?"

"Ninahisi tu, mama."

"Hee! Una mashine ya uwanja wa ndege machoni?"

Watu wakacheka. Nikaingia kontena mwenyewe, nikapanda juu ya mzigo, nikaliona la kwanza la barafu. Lilikuwa limelegea. Upande wa chini kiroba kimekuwa cheusi kwa maji, na chini yake robota lenye maki ya Mama Zuhura lina doa kubwa kama sinia, linakua. Nikalikumbatia, nikalivuta, likateleza kama kambare, nikashuka nalo kinyumenyume mpaka mlangoni mwa kontena, mbele ya watu wote, na nilipoinama kuliweka chini, kutoka mfuko wa ndani wa jaketi langu ikadondoka pasipoti.

Ilianguka chali, ngao ya taifa inaangalia juu.

Mkongo alivaa koti lake polepole. Yule dada wa Moshi bado alikuwa amefumba macho.

Mama Zuhura aliinuka, akaiokota, akaifungua, akaangalia picha, akaniangalia mimi.

"Na hii je? Pacha wake?"

"Mama, naomba..."

"Ezra," akasema Mzee Khamis, na ile sauti ya kuniita mwanangu ilikuwa imekwisha. "Kuna nini ndani ya robota hilo? Usinifiche. Polisi wakija watanichukua mimi, si wewe."

Hapo nikaelewa wanachofikiri. Kijana kaghushi hadithi ya pasipoti, anakimbilia robota moja zito.

"Barafu," nikasema.

"Nini?"

"Ni barafu, Mzee. Yapo manne. Ni barafu tu."

Akatazama robota, akanitazama, akatazama robota. "Barafu yaenda Dar kufanya nini, yakhe?"

Na wakati huo huo, teksi ikafunga breki nje. Dada Faraja alishuka anakimbia, kiatu kimoja kimevuka, ameshatoka machozi, maana alikuwa ameambiwa mdogo wake amepoteza pasipoti na alikuwa njiani anawapigia watu anaowajua wamsaidie. Alifika wakati kijana mmoja wa kupakia amepitisha kisu kwenye kiroba. Selotepu ikaachia, maboksi yakafunguka, maji yakamwagikia viatu vya watu wa kwanza, na barafu ikatoka nje ikateleza sakafuni polepole mpaka ikasimama miguuni pake. Ndani yake, katikati kabisa, amelala yule kamba, na ndevu zake zote.

Dada aliangalia kile kitu muda mrefu. Aliangalia maki, FAR MKB, kwa mwandiko wangu. Akaangalia doa kwenye mzigo wa Mama Zuhura. Alikuwa ameelewa yote kabla sijafungua mdomo, na hakusema kitu, alifanya lile nililoliogopa, alinyamaza.

"Faraja," akasema Mama Zuhura, na hakuwa anatania tena. "Kesho saa tatu asubuhi lori linakwenda bandarini Huangpu. Marobota yangu matatu yameloa maji ya samaki. Nilikuamini wewe."

"Yataondoka makavu," dada akasema. "Yakibaki ya kwako, na ya kwangu yatabaki."

Ilikuwa saa nane mchana. Tukayatoa na yale mengine matatu ya barafu, vijana wakaanza kufunga upya mizigo ya dada, tukapakia kanzu kwenye teksi mbili na Mama Zuhura akapanda nazo, hakukubali kuziacha. Njiani alishusha kioo kwa ajili ya harufu. Mahali pa kuanika nguo nyingi kiasi hicho, penye upepo, palikuwa pamoja tu mjini kote.

Watoto walikuwa juu ya paa. Imani alikuwa anateleza. Dada alibaki mlangoni akaniacha niseme mwenyewe, na nikasema: tunahitaji paa lote, na maji haya yakibaki yatalowesha nguo, lazima tuvunje. Imani alisimama katikati ya barafu, selotepu miguuni.

"Ulisema mpaka shule ifunguliwe."

"Nilisema."

"Sasa hivi hivi?"

"Sasa hivi, Imani."

Akatoka juu ya barafu, akakaa chini, akaanza kubandua selotepu kwenye raba zake, kipande kwa kipande. Hakulia. Upendo ndiye aliyelia, kwa niaba yetu sote. Nikachukua nyundo nikavunja, na kila pigo lilikuwa na sauti ya sahani, na nikayabeba mapande kwenye ndoo kuyatupa chini ya bomba la maji mpaka paa likawa paa tena.

Tulifua. Mama Zuhura alivua koti la manyoya, akakunja mikono, akafua kuliko sisi wote, ananusa kila kanzu kabla haijapita. Tukatandika kamba. Na nilipochukua kanzu ya kwanza kuianika, nyeupe, ndogo, ya mtoto wa miaka mitano hivi, nikasikia, "Simama hapo hapo!"

Nikageuka. Mama Zuhura alikuwa ameelekeza kidole chenye povu juu ya kichwa changu, kwenye mianzi ya Ayi. Soseji mia na zaidi, zinang'aa, zinadondosha mafuta, na upepo wa kaskazini unapita kwao kwanza kabla haujafika kwetu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni... ni za mwenye nyumba."

"Nimeuliza ni nini, sijauliza ni za nani."

"Nguruwe, mama."

Alikaa chini juu ya beseni lililopinduliwa. "Samaki amekwisha, sasa nguruwe. Kaka, mimi na wewe tulikoseana wapi? Watoto wa watu waende kuswali Idd na hii?"

Nikateremka kwa Ayi. Siku za upepo kama ule ni chache, kuzitoa soseji nje ya upepo ni kumwambia mtu aondoe chungu motoni kabla hakijachemka. Sikuwa na maneno. Nikampeleka juu, nikamwonyesha kanzu, nikamwonyesha Mama Zuhura, nikaonyesha soseji, nikaweka viganja pamoja. Alinifokea kwa Kikantoni, lugha ambayo ukifokewa nayo hauhitaji kujua maana. Halafu akamwangalia Mama Zuhura, mikono yake imekunjamana kwa maji baridi, mwanamke wa rika lake, akaanza kutungua mwanzi wa kwanza. Akanipa. Akaelekeza kidole kwenye dirisha letu.

Kwa hiyo soseji zote zilihamia nyumbani kwetu, sebuleni, toka kwenye nondo za dirisha mpaka mlango wa jiko, feni mbili zinazipuliza, na sisi tukala chini yake tumeinama. Nilinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko mara tatu, na bado Mama Zuhura hakuniruhusu kugusa kanzu hata moja. Kazi yangu ikawa kushika nguzo upepo usiiangushe. Yeye alilala chumbani kwa dada, mlango umefungwa, leso puani.

Alfajiri tulipanda. Kanzu zilikuwa zimejaa paa zima, nyeupe, zinapigapiga mikono. Mama Zuhura alipita mstari kwa mstari anabana kola, anabana pindo, ananusa, na dada nyuma yake amekunja mikono kifuani, na nilikuwa siwezi kusoma uso wa yeyote. Kumi na mbili zilikuwa na unyevu kwenye kola, dada akazipiga pasi. Ya mwisho Mama Zuhura aliinusa mara mbili, akaikunja.

"Inanuka sabuni," akasema. "Leteni viroba. Na huyu asifunge."

Saa tatu kasoro dakika kumi milango ya kontena ilifungwa, ikapigwa sili, lori likaondoka kwenda Huangpu na mizigo yote ya wale akina mama tisa. Dada alilisindikiza kwa macho mpaka likapinda. Ndipo akanigeukia, na lilikuwa ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu jana.

"Lile gari lililochukua mzigo nyumbani, unajua dereva alifanya nini baada ya kupakia?"

"Sijui, dada."

"Aliegesha pale pale kona, akaenda kula tambi. Nusu saa nzima. Alinipigia kuniambia anakula, nisiwe na wasiwasi. Namba yake ninayo, Ezra." Akanionyesha simu yake. "Ungenipigia tu, ningemsimamisha."

Nilikuwa nimempita pale kona. Nilikuwa juu ya pikipiki, nachungulia malori ya mbali.

Sijaapa kuhusu barafu, maana najijua, mtoto akiniuliza swali zuri nitarudi soko la samaki. Nilichoapa ni hiki: siku hizi nikivunja hata kikombe nyumbani, nampigia dada kabla vipande havijaacha kuzunguka sakafuni, na yeye huko aliko sokoni anapokea, anasikiliza, anasema, "Ezra, kikombe tu?" na mimi namwambia ndiyo dada, kikombe tu, nilitaka ujue.